Watoto sita, hesabu ya watatu

Kila Februari, kwenye meza yetu ya kuwasaidia watu kufaili kodi hapa Marekani, swali hili halikosi. Mama anaweka bahasha ya kaki: W-2 mbili, yaani fomu za mshahara wa mwaka, na kadi za Social Security zilizofungwa kwa mpira wa nywele. Baba anauliza: "Dada, jirani yetu ana watoto watatu na mshahara kama wetu. Sisi tuna sita. Mbona pesa zetu zinazorudi ni karibu sawa na zake?" Anadhani nimekosea kubonyeza.

Tuanze na jina la nafuu yenyewe, Child Tax Credit, maana limewatisha wengi. Wapo wanaoiita "mkopo wa kodi ya mtoto", na nimeona mzee akiikataa akiogopa kudaiwa. Si mkopo, na hakuna wa kumlipa. Ni nafuu inayokatwa kwenye kodi yenyewe unayodaiwa. Kwa mapato ya 2025, kila mtoto ambaye hajatimiza miaka 17 ifikapo mwisho wa mwaka huo ana nafuu ya hadi dola 2,200. Kodi yako ikiisha na nafuu ikabaki, unaweza kulipwa hadi dola 1,700 kwa kila mtoto. Lakini malipo hayo yana kipimo cha pili: hayazidi asilimia 15 ya kipato chako cha kazi baada ya kuondoa dola 2,500. Kipimo hicho hakiulizi una watoto wangapi.

Chukua mume na mke wanaofaili pamoja, mmoja kiwanda cha nyama, mwingine usafi wa hoteli, jumla dola 38,000 kwa mwaka. Toa makato ya kawaida, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, dola 31,500. Zinabaki 6,500, na kodi yake ya asilimia 10 ni dola 650. Kwa watoto sita, nafuu kwenye karatasi ni dola 13,200. Dola 650 zinafuta kodi. Kisha kile kipimo: 38,000 toa 2,500 ni 35,500, na asilimia 15 yake ni 5,325. Jumla wanapata 5,975. Jirani wa watoto watatu anafuta kodi ileile ya 650, halafu analipwa 1,700 mara tatu, yaani 5,100. Jumla yake 5,750.

Tofauti ni dola 225. Zote kaleta mtoto wa nne. Wa tano na wa sita hawakuongeza hata senti.

Nafuu nyingine, ya wafanyakazi wa kipato cha chini, iitwayo EITC, nayo huacha kuhesabu ikifika mtoto wa tatu. Kiwango cha juu kwa 2025 ni dola 8,046, uwe na watatu au tisa. Kwa mshahara wa wenzetu hawa ni takriban 6,460, sawasawa na jirani. Turudi kwenye nafuu ya mtoto: jirani huyo akifikisha dola 46,500 kwa mwaka, anaipata kamili kwa watoto wake wote. Wenye sita wanaingoja hadi karibu dola 66,000.

Haikuwa hivi siku zote. Mpaka 2017 kila mtu wa nyumbani, mtoto kwa mkubwa, aliondoa dola 4,050 kwenye kipato kinachotozwa kodi. Nyumba ya watu wanane iliondoa 32,400. Punguzo hilo likafutwa, makato ya kawaida yakapandishwa, ila makato hayo ni yaleyale kwa wanandoa wawili na kwa wanandoa wenye watoto sita. Ni mwaka 2021 tu, na wazazi wengi wanaukumbuka, ambapo nafuu ililipwa yote bila kipimo cha mshahara: 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka 6, na 3,000 kwa mkubwa zaidi hadi miaka 17. Mwaka ule sita walihesabiwa sita. Kwa maoni yangu ndiyo ilikuwa hesabu ya haki.

Sasa ndipo huja mshauri wa mtaani: "Hao wawili wa mwisho hawakuletei kitu, mwazime mjomba wao awaandike." Mjomba anaishi anwani nyingine. Mtoto lazima awe ameishi na anayemwandika zaidi ya nusu ya mwaka, kwa hiyo huo ni uongo. IRS, idara ya kodi ya Marekani, ikigundua udanganyifu, utarudisha fedha pamoja na faini, na utafungiwa nafuu hizi kwa miaka 10. Ukionekana umepuuza kanuni tu, ni miaka 2. Kwa sababu hiyohiyo ya makazi, mtoto aliyebaki kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu ya Tanzania au Nakivale ya Uganda haandikwi, hata kama unamtumia matumizi kila mwezi.

Kiswahili nacho hututega. Tukisema "mtoto wa ndugu yangu", ndugu anaweza kuwa binamu. Kwa IRS mtoto wa kaka au dada anakubalika. Mtoto wa binamu hana nafuu hii. Nauliza mara mbili: ndugu wa tumbo moja, au wa ukoo? Tena tazama tarehe. Wakimbizi wengi wameandikiwa 1 Januari. Aliyeandikwa 1 Januari 2009 bado anahesabiwa kwa 2025; aliyezaliwa siku moja kabla yake ameshatoka. Na namba ya Social Security iwe imetolewa kabla ya siku ya mwisho ya kufaili. Kama ya kitinda mimba bado haijafika, omba kuongezewa muda kwa fomu 4868 kabla ya 15 Aprili 2026 kupita.

Yule baba alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Nikichukua zamu za Jumamosi, je?" Tukapiga hesabu. Dola 1,000 za ziada zingemwongezea malipo ya nafuu ya watoto dola 150, zingempunguzia EITC kama 211, na makato ya Social Security na Medicare yangechukua 77. Kabla ya kodi ya jimbo, angebaki na takriban 862. Jirani yake, ambaye malipo ya watoto wake yameshafika kikomo, kwa zamu zilezile angebaki na 712.