Bweni halikujenga taifa, jamani

Juzi kwenye kikao cha harusi, hata bajeti ya vinywaji haijasomwa, mzee mmoja kaanza tena: "Rudisheni shule za bweni za enzi za Mwalimu Nyerere! Mmakonde kitanda cha juu, Mhaya cha chini, ukabila kwisha." Kamati nzima ikapiga makofi. Nimefundisha chuo cha ualimu miaka ishirini na ushee, na wimbo huu nimeuchoka.

Miaka ya 1970 na 1980 walioingia sekondari walikuwa wachache mno. Wengi waliishia la saba palepale kijijini, darasani wamekaa na watu wa kabila lao, wengine binamu zao kabisa. Hao nani aliwaunganisha, kitanda cha juu?

Aliyewafikia ni mwalimu. Tangu 1967 shule ya msingi ilifundisha kwa Kiswahili, muhtasari mmoja, na mwalimu aliweza kupangiwa kituo popote. Wangu wa la tatu hakujua hata salamu ya kilugha chetu. Alipokuja nyumbani kuuliza mbona sionekani siku mbili, bibi ilibidi aokoteze Kiswahili ili apate kumdanganya. Mchanganyiko ninaousema mimi ndio huo: mtu mzima, mgeni, anayehitaji maji, kuni na jirani. Bwenini nimekaa pia. Foleni ya ugali tulichanganyika vizuri tu. Taa zikizimwa, kila mtu alinong'ona na wa kwao.

Wenzangu wa fani, kuthibitisha kwamba shule ndiyo iliyotuunganisha, hupenda kumtaja mchumi Edward Miguel, aliyechapisha mwaka 2004 ulinganisho wa Busia ya Kenya na Meatu ya kwetu Tanzania. Busia, makabila yalipochanganyika zaidi, michango ya shule ilishuka. Meatu haikuwa hivyo. Sawa, lakini enzi zile za Mwalimu tulikuwa pia na chama cha TANU, redio na vijiji vya ujamaa. Anayeweza kuchomoa fungu la shule peke yake na kulipima, aje anifundishe.

Na lipo swali ambalo wanachuo wakiniuliza, nakohoa kwanza: vilugha vyetu je? Yule mwalimu wa la tatu akisikia kilugha uwanjani, alichapa. Nilichapwa sana. Kiswahili kikakaa, wanangu nikawalea nacho. Sasa mama yangu akichoka Kiswahili jioni na kurudi kwenye lugha yake, wajukuu wanageuka kuniangalia mimi, niwatafsirie.