Gari la Sentimita 18: Dhana Potofu Kuhusu Kuunda na Kupaka Rangi Modeli za Magari

Mtu mzima akikutwa na gari la plastiki la sentimita 18 mezani, wageni huuliza ni la mtoto gani. Dhana nyingine nyingi huzaliwa hapo: kwamba ni mchezo tu, kwamba bila pesa nyingi hauwezekani, kwamba ukishanunua rangi ya bei ghali kazi imekwisha. Nimeyasikia haya katika mitaa ya Nairobi ya Umoja na South B, na hata kwa mafundi wa Kirinyaga Road wanaoijua rangi ya gari vizuri sana. Nayajibu kwa sababu kuna vijana wenye kipaji kikubwa jijini humu wanaoharibu kazi za wiki nzima kwa kuyaamini.

"Ni vitu vya watoto"

Si kweli. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotaka kutengeneza modeli ya Porsche katika miaka ya 1970, ilinunua Porsche 911 halisi na kuifungua kipande kwa kipande ili ijue kila kitu kimekaaje. Hakuna anayejisumbua hivyo kwa ajili ya kitu cha kuburutwa sakafuni.

Kipimo kinachopendwa zaidi kwa magari ni 1/24, yaani sentimita 24 za gari la kweli zinakuwa sentimita moja. Matatu (basi dogo la abiria) ya Toyota HiAce yenye urefu wa mita 4.7 hivi inaishia chini kidogo ya sentimita 20. Ukikosea milimita moja unapofunga gurudumu, ni sawa na gari halisi ambalo gurudumu lake limehama karibu sentimita mbili na nusu. Hata asiyejua magari ataona kuna kitu hakiko sawa. Hiyo 24 ishike vizuri, maana karibu kila kosa ninalolitaja hapa chini linatokana na kuisahau.

"Bila seti ya vipande kutoka ng'ambo huwezi kuanza"

Wapo Nairobi wanaounda nganya (matatu zilizopambwa) ndogo kwa kadibodi, kwa ubao wa foreksi (plastiki nyepesi) unaobaki kwa mafundi wa mabango, na kwa vipande vya chupa za soda vinavyogeuzwa vioo. Wengi wao hudhani wanachofanya ni cha kubahatisha, na kwamba modeli za kweli ni zile za kwenye boksi. Ni kinyume kabisa. Mwenye boksi amekatiwa kila kipande kiwandani. Anayekata kwa wembe dirisha la basi la Rongai akalifanya lilingane na la upande wa pili amepiga hesabu zote mwenyewe. Mimi namweka huyo wa pili juu.

Anachokosa mara nyingi ni jambo moja: kadibodi hunywa rangi. Kingo zake huvimba na kutoa manyoya. Zipake kwanza sila ya maseremala (ya kuziba vinyweleo), au gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ziache zikauke, kisha piga msasa laini. Ukirudia mara mbili, kingo zitakaa kama bati.

"Rangi ya gari halisi ndiyo bora kwa gari dogo"

Hii ndiyo iliyoharibu kazi nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Inaonekana ina mantiki. Unaenda dukani, unatoa namba ya rangi, unachanganyiwa ileile ya gari la mjomba, unatiliwa kwenye mkebe wa spreyi. Shida ya kwanza ni thina, yaani kimiminika cha kuyeyushia rangi. Plastiki ya seti nyingi ni polistirini, na thina kali ya rangi za magari huila. Ukiipuliza moja kwa moja, uso unapasuka mistari midogo kama ngozi kavu, na mistari mingi ya kuchonga ya milango hupotea. Praima (rangi ya msingi) inayofaa plastiki ndiyo kinga, nayo ipulizwe kwa tabaka nyepesi kadhaa, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Usifanye jaribio la kwanza kwenye gari. Nunua vijiko vya plastiki vya kutupa, vingi vyake ni polistirini ileile, upulizie hivyo.

Shida ya pili ni chembe. Rangi za metaliki zina vipande vidogo vya alumini vinavyometameta. Kipande cha maikroni 20 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwenye gari halisi hukioni peke yake. Kwenye modeli ya 1/24 kinaonekana kama kipande cha karibu nusu milimita, na gari zima linakuwa kama limemwagiwa pambo la sherehe. Rangi zinazotengenezwa kwa ajili ya modeli husagwa laini zaidi, na ndiyo maana rangi ya fedha iliyotulia ya modeli hupendeza kuliko ile ya fedha "halisi".

Ya tatu ni unene. Rangi ya kiwandani kwenye gari la kweli, tabaka zote pamoja, huwa kama maikroni 100 hadi 150. Gawanya kwa 24: unapata maikroni nne hadi sita. Hakuna binadamu anayepuliza hivyo kwa mkebe, lakini hesabu inakuonyesha uelekee wapi. Tabaka moja nene ulilopuliza ili umalize haraka likifika maikroni 100, ni sawa na kumwagia gari halisi rangi ya unene wa milimita mbili na zaidi. Mifereji ya milango inazibwa, pembe za boneti zinakuwa duara, na nembo iliyochongwa inabaki uvimbe.

Si kwamba rangi ya duka la magari haifai kabisa. Nyeupe, nyekundu na nyeusi zisizo na chembe hufanya kazi nzuri sana juu ya praima, zikipulizwa nyembamba. Kinachokosewa ni kudhani uhalisi uko kwenye mkebe.

"Rangi itaficha"

Haifichi, inatangaza. Chukua bodi ya gari, ishike chini ya taa ya meza na uigeuze polepole. Kwenye nguzo ya dirisha la nyuma utaona mstari mwembamba kama uzi, pale nusu mbili za kalibu ya kiwandani zilipokutana. Ukiupitia kwa ukucha unakwama kidogo. Ukiiacha hivyo, klia (tabaka la juu lisilo na rangi) ikishakauka mstari huo ndio utakuwa kitu cha kwanza kuonekana. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, piga msasa wa namba 600, halafu wa 1000 wenye maji, osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Nguvu nyingi ya kazi hii iko hapa, kabla mkebe haujafunguliwa.

"Nikipuliza ndani ya nyumba mvua hainihusu"

Inakuhusu sana kuanzia Machi hadi Mei. Thina inaporuka hewani huondoka na joto, na uso wa gari unapoa kuliko hewa iliyouzunguka. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, matone madogo mno hutua kwenye rangi mbichi na inakauka ikiwa na ukungu mweupe. Subiri mchana wa jua. Kukiwa na baridi ya Julai, mkebe uweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache. Usiusogeze karibu na jiko hata kidogo. Januari adui ni vumbi: funika gari kwa beseni safi mara tu unapomaliza.

"Barakoa ya kitambaa inatosha"

Haitoshi. Inazuia chembe kiasi tu, haizuii mvuke wa thina. Unahitaji barakoa yenye vichujio vya kaboni vya mvuke wa kemikali, na dirisha wazi. Klia ya kuchanganywa na hadena (kemikali ya kuigandisha) ina isosianeti, kemikali ambayo inaweza kukuachia pumu. Mwachie fundi mwenye chumba na vifaa vyake. Anayeishi bedsita yenye meko ya gesi asipulize humo hata siku moja, kwa sababu mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto.

Kuhusu supagluu, kwa kifupi: mvuke wake huacha utando mweupe kwenye vioo vya modeli. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

"Modeli nzuri lazima ing'ae"

Inategemea gari. Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, ile waliyoshindia Edgar Herrmann na Hans Schüller mbio za magari za Safari Rally za 1971, ina modeli yake ya 1/24 kutoka kampuni ya Hasegawa. Kuing'arisha kama ya shoo-rumu ni haki yako, lakini gari lile lilikula vumbi na matope.

Kuna wanaochota udongo nje na kuupaka. Hapo tena hesabu ya 24 inawashinda: punje ya mchanga ya nusu milimita inakuwa jiwe la zaidi ya sentimita moja. Chekecha udongo mkavu kwa soksi ya nailoni, kisha utumie ule ulio kama poda pekee, au saga chaki za pasteli. Upake kwa brashi laini nyuma ya kila gurudumu, chini ya milango na kwenye bampa ya nyuma, na uache paa karibu safi. Udongo wenyewe uchague kulingana na mahali: wa upande wa Kabete na Kikuyu ni mwekundu, wa Embakasi kuelekea Athi River ni mweusi wa kunata. Nganya ya Embakasi yenye matope mekundu hadi kwenye vioo itahitaji maelezo.