Modemu haijui kama umeapgredi

Jumatatu asubuhi kijana wa uhasibu wa tawi letu moja aliingia ofisini kwangu ameshika rambo jeusi. Ndani ya rambo kulikuwa na modemu, adapta yake ikining'inia nje.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Modemu. Imekufa. Tangu ulipotuwekea FreeBSD 8 Jumamosi haipigi. Bosi kasema haiendani na mfumo mpya, niiache hapa halafu tununue nyingine."

Sikujibu. Niliichomeka umeme, nikaiunganisha na mashine iliyokuwa mezani, nikaandika `cu -l /dev/cuau0 -s 9600`, amri ya kuongea na modemu moja kwa moja, kisha AT, yaani "upo?". Ikajibu OK. Kijana akainama kwenye skrini: "Imefufuka?"

Haikuwahi kufa. Hii ni mara ya nne nasikia hadithi hii tangu nianze kuhamisha mashine zetu za FreeBSD, mfumo endeshi wa ukoo wa Unix, kutoka toleo la 7, na kila mara mshtakiwa ni yuleyule, modemu. Naandika ili siku nyingine nitume kiungo badala ya kuhubiri.

Modemu ya nje, ile inayoipeleka kompyuta mtandaoni kwa kupiga simu, ni boksi lenye akili yake. Upande mmoja ina laini ya simu, upande wa pili ina kebo ya siriali, na katikati inaelewa amri za AT, lugha iliyoanzia kwenye Smartmodem ya Hayes mwaka 1981. Haiulizi ni nani anayeiandikia. Iunganishe na terminali ya zamani isiyo na diski wala mfumo wowote, uiambie ATDT na namba, itapiga. Kusema modemu ya namna hii haiendani na FreeBSD 8 ni sawa na kusema simu ya mezani haiendani na shati ulilovaa.

Niwe mkweli kuhusu mawili kabla hamjanirukia. Modemu za ndani za bei poa, zile zinazomwachia prosesa ya kompyuta kazi yote, kweli hutegemea draiva, programu inayoendesha kifaa, na draiva isipojengwa upya kwa ajili ya keneli mpya, yaani kiini cha mfumo, huna modemu, una kipande cha bati. La pili, kama ulikuwa unatumia pppd, programu ya kuunganisha intaneti kwa simu, ile ya ndani ya keneli, kwenye toleo la 8 haipo tena. Ed Schouten, mmoja wa waandishi wa FreeBSD, alipoandika upya tabaka la TTY, sehemu ya keneli inayosimamia terminali na milango ya siriali, pppd na mwenzake wa zamani SLIP vilibaki nyuma. Hapo utahamia kwenye `ppp` ya kawaida, utaandika faili lake la mipangilio, `ppp.conf`, upya, na utanung'unika kama nilivyonung'unika mimi. Ila hata hapo kilichoondoka ni programu. Boksi ni lilelile.

Sasa, kilichobadilika kweli ni jina la mlango, yaani faili la ndani ya `/dev` ambalo programu hulifungua kuifikia kebo ya siriali. Kwenye toleo la 5 mlango wa kwanza wa kupigia uliitwa `cuaa0`. Toleo la 6 na la 7 ukaitwa `cuad0`. Kwenye la 8 draiva ya siriali iitwayo `sio` imeachia nafasi yake kwa nyingine iitwayo `uart`, na mlango ukawa `cuau0`. Herufi moja. Ndugu zangu wa Linux msicheke, keneli ya 2.2 iliwapigia kelele kwamba cua imepitwa na wakati mhamie ttyS. Wa Solaris, Unix ya kampuni ya Sun, ndio kabisa: walioingia kutoka SunOS 4, mfumo uliotangulia, walikuta `/dev/term/a` na `/dev/cua/a`, na waliofika Solaris 9 wakakuta asppp, programu yao ya kuunganisha kwa simu, imeondolewa na wameachiwa `asppp2pppd` ya kuwahamishia mipangilio. Kila ukoo wa Unix una msiba wake wa majina.

Nikishaeleza hivyo, huwa anatokea mjuaji: "Sawa, lakini `cuau0` na `ttyu0` si kitu kilekile? Weka yoyote."

Hapa ndipo presha yangu inapopanda.

Plagi ni ileile, pini tisa zilezile. Tabia ni mbili. Pini namba 1 ni DCD, waya ambao modemu huunyanyua kumwambia kompyuta "nimeshikana na mwenzangu upande wa pili". `ttyu0` ni mlango wa kupokea wageni: programu ikiufungua kwa njia ya kawaida, keneli inailaza hapo hapo mpaka DCD inyanyuke. `cuau0` ni mlango wa kutokea: unafunguka papo hapo bila kujali DCD. Sasa wewe unataka kupiga. Ukipitia `ttyu0`, keneli inasubiri DCD, DCD inasubiri modemu ishikane na upande wa pili, modemu inasubiri amri ya kupiga, na amri imekwama kwa sababu mlango haujafunguka. Ni mgeni anayesubiri akaribishwe ndipo apige hodi. Usiniamini mimi, andika `echo AT > /dev/ttyu0` modemu ikiwa haijaunganishwa popote, uone shell yako, ile inayopokea amri zako, inavyoganda.

Wengine wataapa kwamba wao hutumia `ttyu0` na wanapiga vizuri tu. Nawaamini. Zipo programu zinazofungua mlango bila kusubiri, na zipo modemu zilizopangwa `&C0`, yaani DCD imenyanyuliwa saa 24 iwe kuna simu au hakuna. Itakwenda hivyo hadi siku utakapowasha getty, programu inayomsubiri mgeni mlangoni na kumuuliza jina, kwenye `/etc/ttys` ili nawe uweze kupigiwa. Getty inafungua `ttyu0`, inakuta DCD iko juu, inaamini mgeni kafika. Inaandika `login:`. Modemu, ambayo haina simu yoyote na bado inasubiri amri, inarudisha mwangwi wa ilichoandikiwa. Getty inaona jibu, inadhani ni jina la mtu, inaita login, nayo inaomba nywila, modemu inarudisha mwangwi tena. Watakesha wakisalimiana. Wewe ukija asubuhi kupiga kupitia `cuau0` unaambiwa kifaa kina shughuli, na unakwenda kumwambia bosi kwamba modemu imekufa.

Dawa yake ni `AT&F&C1&D2&W`. `&C1` inafanya DCD ifuate ukweli wa laini, `&D2` inafanya modemu ikate simu kompyuta inapoachia DTR, waya wake wa kusema "niko tayari", `&W` inahifadhi. Getty ikilala kwenye `ttyu0` ikisubiri DCD ya kweli, `cuau0` inaruhusiwa kupiga bila ugomvi wowote. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na majina mawili, na mpango huu ni mzuri sana ukiuacha ufanye kazi yake.

Kwa hiyo kabla ya kubeba modemu kwenye rambo, tumia masikio. Kimya kabisa, hata mlio wa laini husikii: tatizo liko kabla ya modemu, yaani jina la mlango, ruhusa (mtumiaji yuko kwenye kundi la `dialer`?), au getty niliyoisema. Mlio wa laini unasikika lakini modemu inaleta NO DIALTONE: haiutambui mlio wa kituo chenu cha simu, ongeza X3 kwenye amri za AT ipige bila kuusubiri. Ikipiga, ikalia ile filimbi na kukwaruza, kisha ikanyamaza, modemu imemaliza kazi yake na ushahidi uko ndani ya `/var/log/ppp.log`. Huko utakuta nywila iliyopotea kwa sababu saa saba usiku, ukiwa na usingizi, mergemaster, programu ya kuoanisha faili za mipangilio unapoapgredi, ilikuuliza kuhusu faili nawe ukabonyeza i (weka jipya juu ya la zamani) badala ya m (changanya yote mawili). Mimi? Nimeshabonyeza i. Zaidi ya mara moja.

Na ikiunganika lakini kurasa hazifunguki, angalia orodha ya njia za mtandao kwa `netstat -rn`. Mara nyingi njia kuu bado inaelekea kwenye ruta iliyokufa, ambayo ndiyo sababu mliikimbilia modemu. Kwenye `ppp.conf`, `add default HISADDR` (weka njia kuu ipite kwa upande wa pili wa simu) haifuti njia iliyopo, `add! default HISADDR` inaibadilisha. Alama moja ya mshangao.

Kuna na hawa wanaosema mfumo mpya umeongeza kasi kwa sababu zamani logi iliandika CONNECT 44000 na sasa inaandika CONNECT 115200. Hapana jamani. 115200 ni kasi ya kebo kati ya kompyuta na boksi. Laini ya simu haijui namba hiyo: kati ya viwango vya modemu, V.34 inaishia biti 33600 kwa sekunde, V.90 inaishia 56000 kwa kushusha, nayo ni siku laini ikiwa na furaha. Mlipoandika mipangilio upya mmesahau W2, ile amri inayoziambia modemu zenye chipu za Rockwell na jamaa zake zitaje kasi ya laini.

Lipo moja linalonisumbua bado. Tawi jingine, toleo lilelile, majina yote sahihi, modemu ilikuwa inaunganika na kukatika ndani ya dakika moja. Niliilazimisha V.34 kwa `AT+MS=V34`, ikatulia. Wao wanasema ilianza baada ya kuapgredi, na tarehe zinawaunga mkono. Mimi nasema wiki hiyohiyo mvua zilianza, na ile laini inapita kwenye boksi la njiani lisilo na mfuniko. Nikirudisha V.90 kiangazi nitajua, lakini hakuna anayekubali niguse kitu kinachofanya kazi.

Turudi kwa kijana wa rambo. Nilimrudisha na modemu yake, nikamwambia akifika anipigie kwa simu ya mkononi, maana laini ya mezani ni moja na modemu inaihitaji. Jumamosi nilikuwa nimejaribu kila kitu pale tawini isipokuwa modemu, kwa kuwa ni ya akiba, kwa hiyo kosa lilikuwa langu na nilimwambia hivyo. Saa nane akapiga. Nikamwongoza mpaka ndani ya `ppp.conf`, kwenye mstari wa `set device`.

"Unaona cuad0? Futa d ya dada, weka u ya uji."

"U ya uji. Nimehifadhi."

"Piga."

Kimya. Kisha kupitia simu yake nikasikia mlio wa laini, tarakimu, filimbi, na ule mkwaruzo.

"Fundi," akasema akipaza sauti juu ya kelele, "hii kelele ni nzuri au mbaya?"