Usemi halisi: jinsi ya kuandika maneno ya wahusika katika hadithi

Usemi halisi ni maneno ya mhusika yaliyoandikwa vilevile kama alivyoyatamka, bila msimulizi kuyageuza. Huwekwa ndani ya alama za mtajo, ambazo wengine huziita alama za usemi. Moja hufungua, nyingine hufunga, na katikati haliingii neno lolote ambalo halikutoka kinywani mwa mhusika.

Soma kipande hiki:

Shangazi unga umekwisha alisema Mwanaidi umekwisha tangu lini aliuliza shangazi jana usiku.

Nani aliyesema jana usiku? Huenda ni shangazi, huenda ni Mwanaidi. Sasa kisome tena:

"Shangazi, unga umekwisha," alisema Mwanaidi.

"Umekwisha tangu lini?" aliuliza shangazi.

"Jana usiku." Mwanaidi alikung'uta kopo juu ya sinia. Hakikuanguka kitu.

Kila msemaji amepata aya yake, ndiyo maana katika mstari wa tatu hatuhitaji tena "alijibu". Koma baada ya "umekwisha" iko ndani ya alama, na si nukta, kwa kuwa sentensi bado inaendelea: "alisema Mwanaidi" ni mkia wake. Katika mstari wa pili alama ya kuuliza imeshika nafasi ya koma, lakini "aliuliza" linabaki na herufi ndogo. Hapa simu na kompyuta hutuponza sana, maana huikuza herufi hiyo zenyewe. Rudi uirekebishe.

Mstari wa tatu ndio unaowakosesha wengi. Huandika: "Jana usiku," alikung'uta kopo. Mtu hukung'uta kopo, hakung'uti maneno. Kitendo kisichokuwa cha kusema ni sentensi nyingine, kwa hiyo weka nukta, funga alama, kisha anza na herufi kubwa. Ni vivyo hivyo kwa alitabasamu, aliinuka na alitikisa kichwa.

Msimulizi akiyakata maneno katikati ya sentensi, sehemu ya pili huendelea na herufi ndogo: "Mimi," alisema shangazi, "siendi dukani." Akitangulia yeye, koma hukaa kabla ya kufungua alama: Shangazi alisema, "Siendi dukani."

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hili: Alisema kwamba, "Nitakuja kesho." Hapo mambo mawili yamegongana: "kwamba" na alama za mtajo. Neno "kwamba" limetokana na -amba, kitenzi cha kale chenye maana ya kusema. Katika tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hapakuwa na alama za mtajo. Maneno kama akamba na akanena ndiyo yaliyomjulisha msikilizaji kuwa sasa anazungumza mwingine. Leo "kwamba" hutangulia usemi wa taarifa, yaani maneno ya mhusika yakipita kinywani mwa msimulizi, na hapo nafsi na wakati hubadilika: Alisema kwamba angekuja siku iliyofuata. Chagua kimoja. Ukitaka msomaji aisikie sauti yenyewe, ondoa "kwamba".

Usiisahau pia koma ya kumwita mtu. "Mwite baba" ni kuagizwa ukamwite baba. "Mwite, baba" ni kumwomba baba amwite mtu mwingine. Katika hadithi yenye shikamoo, mjomba na bibi karibu kila ukurasa, koma hiyo ina kazi kubwa.

Mhusika akinukuu maneno ya mtu mwingine, tumia alama moja moja ndani ya zile mbili mbili: "Bibi aliniambia, 'Usilale,' nami nikalala." Na akizungumza kwa aya kadhaa mfululizo, fungua alama mwanzoni mwa kila aya, ila usifunge mpaka mwisho wa aya ya mwisho, kwa kuwa alama isiyofungwa inamwambia msomaji kuwa mzungumzaji ni yuleyule.