Kuzimu ya Misty Day, na mengine ninayoyapenda katika "The Seven Wonders"

Kazi yangu ni kuhariri tamthilia, na zile za kutisha huzitazama nikitafuta jambo moja kwanza: mtazamaji anaachwa apumue wapi, na anakabwa wapi. Kwa jicho hilo, katika tamthilia zote za wachawi, episodi ninayoirudia zaidi ni "The Seven Wonders". Ni ya 13 na ya mwisho katika Coven, msimu wa tatu wa American Horror Story. Ilirushwa na FX tarehe 29 Januari 2014, na aliyeiongoza ni Alfonso Gomez-Rejon. Nitasimulia mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona, iangalie kwanza.

Shule ya wachawi iliyoko New Orleans inatafuta Mkuu mpya. Wasichana wanne wanaingia kwenye mtihani wa maajabu saba, na atakayeyaweza yote ndiye. Mwanzoni Stevie Nicks anaimba akizunguka ndani ya nyumba huku wenzake wakijinoa. Panapendeza, ila mimi hapo huwa napita tu. Ninachokisubiri ni ajabu la kushuka kuzimu.

Kila mmoja anashuka kwenye kuzimu yake mwenyewe, na lazima arudi kabla jua halijachomoza. Queenie anajikuta tena kazini, kwenye mgahawa wa kuku wa kukaanga. Madison, ambaye ni mwigizaji, yumo kwenye mchezo wa nyimbo unaorushwa moja kwa moja kwenye televisheni, na uhusika mkuu hakupewa yeye. Zoe anaachwa na mpenzi wake Kyle, halafu anaachwa tena. Hao watatu wanarudi.

Misty, msichana wa nne, amerudi utotoni, kwenye darasa la sayansi. Mbele yake kuna chura wa kupasuliwa, naye, kwa kuwa karama yake ni kufufua, anamrudishia uhai. Kwa hilo anaadhibiwa: analazimishwa kumpasua chura yule akiwa hai. Kisha tukio linaanza upya. Hakuna pepo wala moto hapo, ni darasa tu kama darasa lolote, na ndiyo maana linatisha. Sisi wahariri tunajua kwamba tukio likirudiwa bila mabadiliko makubwa, mtazamaji huanza kulitarajia, na akishalitarajia hofu anajitengenezea mwenyewe. Mara ya kwanza unamwonea Misty huruma. Likianza tena unaelewa kuwa mlango haupo. Huku juu, Cordelia, msimamizi wa shule, amempakata akimwita, hadi mwili wa Misty unakuwa majivu mikononi mwake.

Uzito wa pigo hilo wanaujua zaidi waliomfuata Misty tangu episodi ya kwanza, alipochomwa moto hadharani akafufuka, na baadaye alipozikwa hai akaokolewa. Lily Rabe amemwigiza kwa upole mtupu msimu mzima. Kumbe mtu ambaye moto na kaburi vyote vilimshindwa, anashindwa na somo la shule. Sijaona uamuzi wa ukatili zaidi katika msimu ule, na kwangu ndio uamuzi bora kuliko yote.

Baada ya msiba huo waandishi wanatupa kicheko, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Ajabu linalofuata ni kupotea hapa na kuibukia pale, na wasichana wanaligeuza kuwa mchezo wa kukimbizana uani. Mikato ni ya haraka, mtu yupo, hayupo. Unaanza kufurahi nao kabisa. Halafu Zoe anaibukia juu ya lango la chuma, limemchoma mwili. Mpangilio huu ungegeuzwa, kicheko kije kabla ya majivu, Zoe angekuwa maiti nyingine tu. Ulivyopangwa, unatukuta tumeshalegeza mabega.

Ajabu la kufufua lina maiti yake tayari. Queenie anajaribu, anashindwa. Madison uwezo huo anao, ila anaamua kuutumia kwa inzi aliyemponda mwenyewe, na Zoe anamwacha alivyo. Ni tukio dogo sana, lakini linatosha kutuambia kwa nini mwanamke huyu hafai kutawala. Anayekuja kumfufua Zoe ni Cordelia, kipofu aliyejitoboa macho kwa ajili ya wenzake, na kuona kwake kunarudi pamoja na ukuu. Sarah Paulson haongezi chumvi hata kidogo pale macho yanapofunguka.

Kisha Myrtle Snow, mchawi mkongwe wa kundi hilo. Anadai yeye mwenyewe achomwe kwa kuwaua wajumbe wa baraza la wachawi, ili utawala mpya usianze kwa upendeleo. Neno lake la mwisho, "Balenciaga!", jina la nyumba ya mitindo ya mavazi, Frances Conroy analitoa kama shahidi anayekiri imani, na machozi yangu hutoka palepale. Kuna jambo la kihistoria la kuzingatia hapa: wachawi wa hadithi hii wanajihesabu kuwa kizazi cha Salem, lakini mwaka 1692 kule Salem hakuna aliyechomwa. Watu 19 walinyongwa, na Giles Corey alikufa akigandamizwa kwa mawe. Moto ni kumbukumbu ya Ulaya. Naelewa kwa nini waliuchagua, maana kamera haipati mwanga wa namna ile kwenye kitanzi.

Mwisho anarudi Fiona, mama yake Cordelia, tuliyedhani ameshauawa. Jessica Lange, aliyeshinda tuzo ya televisheni ya Emmy ya 2014 kwa uhusika huu, anaingia amechakaa na anakufa kifuani mwa mwanawe. Anaamka kwenye nyumba ya shamba yenye kuta za mbao za msonobari zilizojaa vifundo, pamoja na mwanamume aliyemtaka kwa muda tu, na papo hapo analaani zile mbao na harufu ya samaki. Papa Legba, mlinzi wa lango la kuzimu, anacheka. Aliyezoea umaridadi amepewa ubao na samaki milele, kama Misty alivyopewa chura, isipokuwa safari hii marudio hatuonyeshwi. Tulishafundishwa na lile darasa, kwa hiyo kumwona akiamka mara moja kunatosha.

Nina lawama moja. Madison anakabwa koo na Kyle haraka mno. Emma Roberts alistahili tukio refu zaidi, na dakika chache za wimbo wa mwanzo zingelilipia.