Gamba, kamba na burro: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu kujifunza lugha kadhaa peke yako

Malindi mtoto husema "ciao" kabla hajajua kuwa neno hilo lina wenyewe. Waitaliano walituzoea tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco kule Ngomeni, na mwaka 1967 wakarusha satelaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Satelaiti nyingine, ya Wamarekani, ilirushwa hapo hapo tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina la Uhuru kwa sababu siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu Kenya. Nyuma ya mafundi wakaja wenye hoteli, na nyuma ya wenye hoteli wakaja watalii.

Mimi natembeza wageni, Gede na Watamu zaidi. Kiitaliano nilikiokota ufuoni, Kihispania nikajifundisha kwa simu na daftari, Kijerumani nikakianza, Kiarabu nikakirudia ukubwani. Kila nilipotaja kwamba nina lugha tatu mkononi kwa wakati mmoja, palikuwa na mtu wa kuniambia kitu. Mengi niliyoambiwa hayakuwa kweli, na machache yalikuwa kweli kwa sababu tofauti na ile iliyotajwa.

"Utachanganyikiwa, lugha zitagombana kichwani"

Hili ndilo la kwanza, na wanaolisema si wajinga. Kuchanganya kupo. Mgeni wa Madrid aliwahi kuniuliza kama hotelini kuna *gambas*, nami nikautazama mguu wangu. Kwa Kiitaliano *gamba* ni mguu. Kwa Kihispania ni kamba, hawa hawa wa kukaanga kwa kitunguu saumu. Na kwetu gamba ni lile la samaki, analoparua mama kwa kisu. Neno moja, bahari ile ile, vitu vitatu. Siku nyingine nikamwahidi bibi mmoja wa Valencia mkate na *burro*. Mtaliano angeletewa siagi akafurahi. Mhispania alichosikia ni mkate na punda.

Orodha ni ndefu. *Salire* ya Kiitaliano ni kupanda, *salir* ya Kihispania ni kutoka. *Largo* huku ni pana, kule ni ndefu. *Caldo* kwa Mtaliano ni moto, kwa Mhispania ni supu, na ukiingia kwa Mjerumani ukasikia *kalt*, hiyo ni baridi.

Sasa tazama kosa lenyewe lilivyo. Sikuchanganya Kihispania na Kigiriama cha kwetu nyumbani, wala na Kiswahili. Nilichanganya na Kiitaliano, yaani lugha nyingine ya kujifunza. Wataalamu wa lugha ya tatu wameliona jambo hili mara nyingi: ulimi ukikosa neno katika lugha mpya hukimbilia kwenye droo ya lugha za kigeni, si kwenye lugha ya nyumbani. Mwanaisimu mmoja Mwingereza aliyehamia Uswidi alichunguzwa alivyokuwa akijifunza Kiswidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Alipojitahidi kutunga maneno ya Kiswidi, kilichompenyea zaidi kilikuwa Kijerumani alichojifunza kabla, ingawa Kiingereza ndicho alichonyonya.

Kwa hiyo mchanganyiko ni kweli, ila si ugonjwa. Hutokea pale lugha mpya ingali changa, nao hupungua kadiri unavyoitumia. Lugha iliyokwisha kukomaa haitikisiki sana. Shida kubwa huwapata wanaoanza mbili zinazofanana siku moja, ukurasa wa kwanza kwa ukurasa wa kwanza, kwa sababu hapo hakuna yenye mizizi. Kiitaliano changu kilikuwa na miaka kadhaa ya kubishana bei kabla Kihispania hakijaingia. Kilinivuruga kwa miezi michache, kisha kikaanza kunilipa: *stazione* ikanipa *estación*, *nazione* ikanipa *nación*, na kila neno la mkia huo nililokuwa nalo likawa na pacha. Magazeti ya Kihispania nilianza kuyasoma kabla sijaweza kuagiza chai vizuri.

Na kosa langu lililogharimu zaidi halikutoka Kiitaliano wala Kihispania. Nitalirudia.

"Ukisoma tatu kwa pamoja unaokoa muda"

Hapa ndipo watu wanapoumia, na ajabu ni kwamba huonywa kidogo sana. Lugha hazigombani kichwani kama wanavyosema, zinagombania saa.

Chukua karatasi tupige hesabu. Sema una saa moja kwa siku, na hiyo ni ya mtu mwenye bidii, kwa maana kuna kazi, kuna watoto, kuna umeme kukatika. Sema pia kila lugha inakutaka saa 600 mpaka uweze kuongea na mtu bila kumchosha. Ukisoma moja moja, ya kwanza utaifikisha baada ya siku 600, yaani kama miezi 20. Ya pili mwezi wa 40. Ya tatu mwezi wa 60. Ukizisoma zote tatu kwa dakika ishirini ishirini, zote zitafika mwezi wa 60. Jumla ni ile ile miaka mitano. Tofauti ni kwamba mwenzako amekuwa akila kwa lugha ya kwanza kwa miaka mitatu na zaidi, wewe bado unasema "jina langu ni" katika lugha tatu.

Na hiyo hesabu imekuonea huruma. Dakika ishirini si dakika ishirini. Tano za kwanza zinaishia kukumbuka ulipoachia jana.

Nimewaona vijana hodari wakikwama hapo. Msimu wa wageni unakuja, wana salamu za Kijerumani, Kirusi, Kifaransa na Kichina, na mgeni akijibu sentensi ya pili wanageuza kwa Kiingereza. Salamu si kitu kibaya, zinauza vinyago. Lakini mtu asidanganyike kwamba anasoma lugha nne.

Ninachofanya mimi ni kuipa lugha moja kiti cha mbele, ipate sehemu kubwa ya ile saa, na nyingine ibaki nyuma kwa dakika kumi za kupumzisha akili. Ya mbele ikishafika mahali pa kujisimamia, zinabadilishana viti. Ya tatu nimejifunza kuikatalia, na hilo ni gumu kuliko sarufi ya Kijerumani.

"Ukiiacha lugha, imepotea"

Watu hushikilia lugha tatu kwa hofu hii: nikiweka kando Kijerumani mwaka mmoja, nitaanza upya. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima jambo hili kwa kujifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akasubiri, kisha akajifunza upya akihesabu muda aliookoa. Baada ya siku moja alikuwa akiokoa kama theluthi moja tu ya kazi. Watu hunukuu sehemu ya kusikitisha, kwamba tunasahau upesi. Sehemu nyingine huachwa: hata pale alipodhani amesahau, kujifunza mara ya pili kulikuwa rahisi kuliko mara ya kwanza.

Na zile zilikuwa silabi tupu. Maneno yenye watu na harufu ndani yake hukaa zaidi. Kijerumani changu kimelala rafu ya juu tangu mwaka juzi. Nilipokishusha wiki moja kwa ajili ya kundi la wageni, maneno yalirudi yakiwa na vumbi, lakini yalirudi.

Kadi za kurudia maneno kwa siku zinazoachana ni matunda ya mawazo hayo. Kuna programu za bure za kazi hiyo, na kadi za karatasi ndani ya boksi la viatu hufanya vile vile bila bando. Ujanja wangu mmoja: kila lugha ina rangi yake ya kalamu. Mwanamume mzima na kalamu za rangi, mke wangu alicheka sana. Lakini *burro* ya kijani na *burro* nyekundu hazijagongana tena.

"Kiarabu unakijua, si ulisoma chuoni?"

Miaka minne ya chuo cha Kurani ilinipa herufi, ikanipa 'ain na ha ya kooni ambazo wanafunzi wengine huzitafuta kwa machozi. Maana haikunipa. Jirani yangu aliyefanya kazi za nyumbani Ghuba alirudi akiongea Kiarabu cha huko kama maji, na herufi moja hawezi kuisoma. Mimi nasoma barua asiyoweza kuisoma, yeye ananieleza inasemaje. Tukiungana ni Mwarabu mmoja kamili.

Kiswahili kinakupa punguzo kubwa hapa, nalo halimo katika vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Kitabu, katibu, maktaba: mzizi mmoja, na sisi maneno yote matatu tunayo bila kuambiwa. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, zipo tayari mdomoni. Ila angalia *tafadhali*. Kwetu ni neno la kuomba. Mwarabu husema *tafaddal* anapokukaribisha, upite, ukae, ule. Ukitaka kumwomba kitu useme *min fadlak*. Nilikuwa nikiomba maji kwa kumkaribisha mtu ayanywe.

"Kihispania ni rahisi, Kiarabu ni kigumu, tazama jedwali"

Jedwali linalozunguka mitandaoni, la muda wa kujifunza kila lugha, linatoka katika chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kinachofundisha wanadiplomasia. Kiitaliano na Kihispania wamezipa kati ya wiki 24 na 30, Kiarabu na Kichina wiki 88, takriban saa 2,200 za darasani. Kiswahili chetu wamekipa wiki 36, pamoja na Kijerumani.

Ni takwimu za kazi nzuri, lakini ni za mtu aliyezaliwa na Kiingereza, akiwa na mwalimu na mshahara wa kukaa darasani. Sisi tunaingia kwa mlango mwingine. Irabu tano za Kihispania ni zetu zile zile. Ñ yao ni ny ya nyumba. Mwingereza hushangaa kuambiwa sifa ifuate nomino na ibadilike nayo. Sisi tumekulia kwenye kitabu kizuri, vitabu vizuri, kwa hiyo *libro bello, libri belli* si jambo la kutukosesha usingizi.

Kibaya ni kwamba programu nyingi za simu hukupitisha kwa Kiingereza. Nilihangaika wiki mbili na *tu* na *voi*, kwa sababu zote mbili zilitafsiriwa neno moja la Kiingereza, mpaka nikang'amua kuwa ni *wewe* na *ninyi* tu, kitu ambacho nyanya yangu angenieleza bila kuinuka kwenye mkeka. Tangu siku hiyo daftari langu halina Kiingereza.

"Wajuao lugha nyingi wana ubongo wao"

Hutajwa Kardinali Giuseppe Mezzofanti wa Bologna, aliyefariki mwaka 1849, ambaye inasemekana alijua lugha makumi. Idadi yenyewe inategemea "kujua" una maana gani. Kinachoachwa ni jinsi alivyozipata: alihudumu hospitalini wakati wa vita vya Napoleon, akiwaungamisha askari majeruhi wa mataifa mbalimbali. Alikuwa na watu, tena watu wenye hamu ya kuongea.

Kwetu dhana hii huja kichwa chini: Mwafrika ana kipaji, tayari ana lugha tatu, ya nne haimshindi. Ni kweli nina Kigiriama, Kiswahili na Kiingereza, na mtu wa Goma ana Kiswahili, Kifaransa na mara nyingi Lingala juu ya lugha ya kwao. Hiyo inathibitisha nafasi ipo. Haithibitishi kwamba tunajua kujisomea. Kigiriama nilipewa na nyanya, Kiswahili na mtaa, Kiingereza na fimbo. Hakuna hata moja niliyokaa nayo mezani peke yangu saa tatu usiku, na kitabu, bila wa kunijibu. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na tunaingia ndani yake tukiwa wanafunzi wa darasa la kwanza kama wengine wote.

Sasa lile kosa. Mume na mke wa Kihispania walitaka boti ya kwenda kuona matumbawe ya Watamu, na matumbawe huonekana vizuri maji yakipwa. Nikawaambia kwa Kihispania kilichonyooka, bila chembe ya Kiitaliano: boti inaondoka *a la una*. Saa moja. Asubuhi nikangoja ufuoni na nahodha mpaka tukachoka. Wakaja saa saba mchana, wamepaka mafuta ya jua, wanatabasamu. Maji yalikuwa yamejaa tele. Saa sita ndiyo tofauti ya saa yetu na yao, na ndiyo tofauti ya kupwa na kujaa. Nikarudisha pesa.

Siku hizi naandika kwenye karatasi, 7:00, na pembeni nachora jua likichomoza. Nahodha akiiona huniuliza kwa nini nawadanganya wageni kwamba tunaondoka saa saba.