Je, wajua kwa nini bastola ya Arusha huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa?

Mfanyabiashara wa madini wa Arusha akitaka bastola kihalali, haanzii dukani. Anaanza na barua, na barua hiyo inapitia mezani kwa mwenyekiti wa mtaa, yuleyule anayegonga mihuri ya barua za benki na kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Kamati ya ulinzi na usalama inakaa kumjadili: ni mtu wa namna gani, akinywa anakuwaje, silaha anaitakia nini. Muhtasari wa kikao unapanda kata, unafika wilayani kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kisha mkoani. Alama za vidole zinachukuliwa, rekodi za makosa zinapekuliwa. Popote njiani anaweza kuambiwa hapana.

Mmarekani angeshangaa. Kwao kuna Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yanayosema haki ya wananchi kuwa na silaha na kuzibeba isiingiliwe. Sentensi hiyohiyo inaanza kwa kutaja wanamgambo waliopangwa vizuri, na ndiyo maana wanasheria wao walivutana miaka mingi: haki hii ni ya mwanamgambo au ya kila mtu? Mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba ni ya mtu binafsi, hasa kujilinda nyumbani. Mwaka 2022, kesi ya Bruen ikaenda mbali zaidi: jimbo la New York haliwezi kumlazimisha mtu athibitishe sababu ya pekee ndipo aruhusiwe kutembea na bastola. Sababu ya pekee! Kitu kilekile ambacho kamati yetu ya mtaa inakiuliza kabla ya chochote.

Ukiuliza Moshi kwa nini tumetofautiana hivi, utajibiwa kwamba sisi ni watu wa amani. Jibu tamu, ila halitoshi. Uchagani bunduki zilikuwepo tele karne ya 19. Misafara ya pwani ilizipandisha mlimani kubadilishana na pembe za ndovu, na wamangi, yaani watawala wa Kichaga, walipigana kwazo. Mwaka 1892 watu wa Mangi Meli waliwachapa Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakashinda, na Machi 1900 Meli akanyongwa Old Moshi. Wakati huo Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umekwisha kubana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Waliousaini walitaja vita dhidi ya biashara ya utumwa, na kweli bunduki ndiyo iliyoipa nguvu biashara hiyo. Lakini aliyebaki na bunduki nzuri mkononi ni mkoloni. Tangu hapo silaha ya raia ikawa kitu cha kuombewa ruhusa.

Baada ya uhuru mlango haukufunguliwa. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi, jeshi likavunjwa, na Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Ibara ya 147 ya Katiba ya 1977 inapiga marufuku mtu au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi la aina yoyote. Wamarekani waliandika yao wakiwa wametoka kumng'oa mfalme kwa bunduki za wananchi. Sisi tuliandika yetu tukikumbuka askari walivyoitikisa serikali changa.

Hii haina maana kwamba Mtanzania hana haki ya kujilinda. Ibara ya 14 inampa haki ya kuishi, na kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu na vinavyofuata vinamruhusu kujitetea na kutetea mali yake, mradi nguvu anayotumia iendane na hatari yenyewe. Kilichokosekana ni haki ya chombo, yaani silaha yenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakitoa kwa leseni, na leseni inaweza kufutwa. Ukichomoa bastola baa kutisha watu, usitegemee kubaki nayo.

Mjadala huku kwetu hupamba moto damu ikimwagika. Agosti 2013 mfanyabiashara wa tanzanite alipigwa risasi hadi kufa wilayani Hai, na wenye fedha wakajiuliza nani atawalinda. Wana hoja. Ila mimi naona swali gumu zaidi ni la wasio na fedha: mama mwenye genge Ngaramtoni anaibiwa pia, naye kinga yake ni kufuli na pengine mlinzi wa Kimaasai mwenye rungu na sime. Na kikao cha mtaa si malaika. Kujuana kupo, bahasha zipo. Hata hivyo, bado namwamini zaidi jirani anayejua nani humpiga mkewe kuliko muuza duka anayemwona mteja kwa mara ya kwanza. Kwa makadirio ya 2017 ya Small Arms Survey, taasisi ya utafiti wa silaha, Marekani ina bunduki za raia zaidi ya 120 kwa kila watu 100. Kwetu haifiki hata moja.

Panapowaumbua wengi ni kwenye mirathi. Mzee akifariki Kibosho, kihamba, shamba la ukoo, kinajulikana kitakwenda kwa nani, na bunduki yake ya kuwindia nayo inabaki juu ya kabati kana kwamba ni sehemu ya urithi. Leseni ilikuwa ya mzee peke yake. Silaha inapaswa kupelekwa polisi, na kijana anayeitaka aanze upya na barua yake kwa mwenyekiti. Wapo wanaokaa kimya miaka kwa kuogopa kuulizwa maswali. Kwa watu kama hao, Polisi wametangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, kama Septemba na Oktoba 2023: unaipeleka kituoni au ofisi ya serikali ya mtaa, na hushtakiwi kwa kuwa nayo.